Kuhifadhi Qur'ani na kubaki nayo kifuani

Kuhifadhi ukurasa wa Qur'ani si kazi kubwa sana. Mtu wa kawaida akikaa saa moja baada ya Alfajiri, simu ikiwa mbali, huinuka na mistari saba au minane kifuani. Kazi ni kuikuta mistari hiyo palepale baada ya miezi sita. Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachia huenda zao. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na kila aliyewahi kuhifadhi anajua maana yake bila kufasiriwa.

Wengi wanaoanza kwa kishindo na kukwama juzuu ya tatu au ya nne hawakushindwa kuhifadhi. Walihifadhi kuliko walivyoweza kudurusu. Ndiyo maana hapa tunaanza na hesabu, mbinu zitafuata.

Hesabu kabla ya aya

Msahafu wa Madina wa mistari 15 una kurasa 604, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Juzuu moja ni kurasa 20 hivi. Chukulia unahifadhi siku tano kwa wiki na siku mbili unadurusu tu. Kwa mistari mitatu kwa siku unapata ukurasa mmoja kwa wiki, na msahafu mzima utakuchukua miaka 11 na nusu. Kwa mistari mitano ni miaka saba. Kwa nusu ukurasa ni miaka minne na miezi minane hivi, na kwa ukurasa mzima ni miaka miwili na miezi minne.

Hesabu hiyo ni ya somo jipya peke yake, na ndiyo wanayoipiga watu wote. Isiyopigwa ni ya pili. Mwenye juzuu kumi ana kurasa 200 za kutunza. Akitaka kuzipitia zote kila baada ya siku kumi, anadaiwa kurasa 20 kwa siku, yaani juzuu nzima. Kwa aliyeshika barabara, juzuu moja kwa kisomo cha mwendo ni dakika 30 hadi 45. Kwa anayekwamakwama inafika saa na zaidi. Kama muda wako wote kwa siku ni saa moja, basi ukifika juzuu ya kumi umeshaumaliza muda kabla hujafungua somo jipya.

Kanuni ya kufuata ni hii: theluthi moja ya muda ni ya somo jipya, theluthi mbili ni za kudurusu. Siku ikibana, kinachopunguzwa ni somo jipya, hata likibaki mstari mmoja. Kadiri mzigo wa nyuma unavyokua, nusu ukurasa wa zamani utashuka kuwa mistari mitano, na hilo si kurudi nyuma. Anayeng'ang'ania kasi ya mwezi wa kwanza anajenga ghorofa juu ya matofali mabichi.

Msahafu mmoja, msomaji mmoja

Jicho huhifadhi pamoja na ulimi. Baada ya miezi michache utagundua kwamba unajua aya fulani iko juu kushoto, na nyingine inaanza mstari wa mwisho wa ukurasa wa kulia. Ukibadilisha chapa, ramani yote hiyo inavurugika, kwa sababu misahafu ya chapa nyingine ina idadi nyingine ya mistari na kurasa zinakatika kwingine. Chagua chapa moja, nunua nakala mbili zinazofanana, moja ya nyumbani na moja ya kutembea nayo. Programu ya simu inafaa ikiwa inaonyesha picha za kurasa zilezile. Ile inayoteremsha aya kama ujumbe, moja chini ya nyingine, haifai kuhifadhia. Itumie kusikiliza na kutafuta tu.

Riwaya, yaani njia ya kisomo iliyopokewa, kama ya Hafsi au ya Warshi, nayo ni moja. Anayesoma Hafsi asijifunze kwa sauti ya msomaji wa Warshi: katika Fatiha peke yake, Hafsi husoma "Maaliki yawmid-diin" kwa kuvuta na Warshi "Maliki" bila kuvuta, na tofauti za namna hiyo zimejaa msahafu mzima.

Kwa kusikiliza, tafuta kisomo cha murattal kilicho taratibu. Mahmoud Khalil al-Husary na Muhammad Siddiq al-Minshawi wametumika vizazi kwa vizazi kwa sababu herufi zao zinasikika moja moja. Kisomo cha mujawwad, kile cha hafla chenye mapambo na marudio, ni kitamu sikioni lakini kinamchanganya anayehifadhi: msomaji anarudia aya mara tatu, anasimama hapa leo na pale kesho, nawe unabeba marudio yake kama sehemu ya aya.

Pa kuanzia? Anza na juzuu ya 30, kutoka An-Naas kurudi nyuma hadi An-Nabai, kisha ya 29 na ya 28, ndipo uende Al-Baqara. Juzuu Amma, yaani hiyo ya 30, ina sura 37, nyingi umezisikia tangu utotoni, na kila sura unayoimaliza unaweza kuisalia siku hiyohiyo. Anayeanzia Al-Baqara anakabili aya 286 kabla hajaona mwisho wa kitu chochote, na ni wachache wenye subira hiyo mwanzoni.

Sahihisha kabla ya kuhifadhi

Kosa lililohifadhiwa ni gumu kung'oa kuliko aya mpya kuingia. Kwa hiyo somo la kesho lisomwe leo mbele ya mwalimu kwa kutazama, likiwa bado halijahifadhiwa. Dakika tano zinatosha. Asiye na mwalimu karibu asome na mwalimu kwa simu. Kumsikiliza msomaji kunasaidia, lakini hakutoshi, kwani sikio lako litasikia unachodhani unakisema.

Ulimi wa Mswahili una mitego yake, na ni vizuri kuijua kwa majina. Maneno yetu huishia na irabu, basi ulimi hupachika irabu mahali penye sukuni, yaani herufi isiyo na irabu: "lam yalid" inakuwa "yalidi", "qul" inakuwa "qulu". Hilo la pili si dogo, kwa sababu "quluu" ni amri kwa watu wengi, "semeni". Kalkala (mtikisiko wa herufi) ya dali katika "ahad" nayo hugeuka "ahadi". Pia Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huzaa maddi (kuvuta irabu) isiyokuwepo. Halafu kuna herufi zenyewe. Qafu ikilegea kuwa kafu, "qul" (sema) inakuwa "kul" (kula), na "qalb" (moyo) inakuwa "kalb" (mbwa). Haa nzito ya kooni na hee nyepesi, swadi na sini, twaa na taa, ain na hamza: zote zinahitaji mtu wa kukusikiliza. Irabu moja tu katika Fatiha, "an'amta" ikisomwa "an'amtu", inageuza "uliowaneemesha" kuwa "niliowaneemesha".

Somo la nusu ukurasa, hatua kwa hatua

Usiku kabla ya kulala, sikiliza nusu ukurasa wa kesho mara tatu huku ukifuata kwa kidole, kisha soma tafsiri ya Kiswahili ya aya hizo. Ukijua kwamba kisa kimehama kutoka kwa Nabii Musa (a.s.) kwenda kwa watu wake, hutahitaji kukumbuka kwa nguvu kwamba aya inayofuata inaanza na maneno ya watu wake.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, chukua aya ya kwanza. Isome kwa kutazama mara tano, kwa sauti ya kusikika. Kunong'ona kunaficha makosa, na kusoma kwa macho tu hakuhifadhi chochote. Funga msahafu, isome kwa ghibu mara tano mfululizo bila kosa. Ukikosea mara ya nne, hesabu inaanza upya. Ukali huu mdogo ndio unaotenganisha aya iliyoingia na aya iliyopita njia. Chukua ya pili, fanya vivyo hivyo, kisha unganisha ya kwanza na ya pili mara tatu. Ya tatu, kisha zote tatu. Endelea hivyo hadi mwisho wa somo, halafu soma somo zima kwa ghibu mara kumi. Tatu za mwisho zisome umesimama, au unatembea, au chumba kingine, maana kumbukumbu iliyozoea kiti kimoja huona haya ikitolewa nje.

Aya ndefu ikatwe, lakini ikatwe kwa alama za waqfu, yaani za kusimama, zilizo juu ya mstari wala si popote pumzi inapoisha. Mimu ndogo maana yake simama, laam-alifu, usisimame, jimu, hiari yako, "qalaa", kusimama ni bora, "swalaa", kuendelea ni bora. Aya ya deni katika Al-Baqara, ya 282, inajaza ukurasa mzima peke yake. Ukiikata kwa alama hizo inakuwa kama aya fupi kadhaa za kawaida.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mtu hukwama mara chache katikati ya aya. Hukwama baina ya aya na aya: amemaliza vizuri, amevuta pumzi, na neno la kuanzia halipo. Sababu ni kwamba alipokuwa akirudia aya moja moja, kila mwisho ulikuwa unamrudisha mwanzo wa aya ileile. Dawa yake ni kurudia viungo peke yake: maneno mawili ya mwisho ya aya ya kwanza pamoja na matatu ya mwanzo ya aya ya pili, kwa pumzi moja, mara kumi. Kisha kiungo kinachofuata. Kiungo kibaya kuliko vyote ni cha kugeuza ukurasa, kwa sababu hapo jicho halikuwahi kuona mwisho na mwanzo kwa pamoja. Andika kwa penseli chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ukisome kiungo hicho kila siku kwa wiki nzima.

Anayeandika Kiarabu aongeze kuandika. Mbao za kuandikia, zinazoandikwa kwa wino na kuoshwa, bado zinatumika katika madrasa za Afrika Magharibi, na faida yake haiko kwenye ubao bali kwenye kuandika kwa ghibu. Daftari linatosha. Andika somo bila kutazama, kisha linganisha na msahafu herufi kwa herufi: utaona wawu uliyoigeuza fe na "al" uliyoiacha, makosa ambayo ulimi wa haraka unayafunika.

Kabla ya siku kuisha, somo lisomwe mara nne tena: baada ya nusu saa hivi, ndani ya swala, jioni, na kabla ya kulala. Swala za sunna ni mahali pazuri kuliko pote, kwani hakuna msahafu wa kuchungulia. Rakaa nne kabla ya Adhuhuri na mbili baada yake, mbili baada ya Magharibi na mbili baada ya Isha: gawa nusu ukurasa katika hizo. Zile mbili za kabla ya Alfajiri sunna yake ni kuzifanya nyepesi, basi ziache.

Aya zinazofanana

Hapa ndipo mahafidhi wazima huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Aya zinazofanana, mutashabihati kama wanavyoziita walimu, hazisumbui siku unapohifadhi ya kwanza. Zinasumbua siku unapohifadhi ya pili, na mara nyingi ni ya kwanza inayoharibika. Unasoma At-Tiin kwenye swala, unafika "illalladhiina aamanuu wa amilus-swaalihaati", na ghafla uko mwisho wa Al-Inshiqaaq.

Kanuni ya kwanza: usihifadhi mbili zinazofanana siku moja. Ya pili: siku unapofikia ya pili, fungua ya kwanza, ziweke mbele yako, pigia mstari neno linalotofautiana, na uandike pambizoni jina la sura nyingine. Ya tatu: tafuta ndoana, kitu cha kuning'iniza tofauti hiyo.

Ndoana inaweza kuwa herufi. Katika At-Takwiir bahari "sujjirat", katika Al-Infitwaar bahari "fujjirat". Jina Infitwaar lina fe na fujjirat ina fe. At-Tiin ina "falahum ajrun ghayru mamnuun" na Al-Inshiqaaq "lahum" bila fe. Angalia kwamba katika At-Tiin aya inayofuata nayo inaanza kwa fe, "famaa yukadhibuka". Fe huita fe. At-Takwiir tena: "alimat nafsun maa ahdharat", na Al-Infitwaar: "maa qaddamat wa akhkharat".

Ndoana inaweza kuwa jirani. "Innal abraara lafii naiim" imo Al-Infitwaar na imo Al-Mutwaffifiin, neno kwa neno. Hakuna tofauti ya kushika ndani ya aya yenyewe, basi isihifadhiwe peke yake: kule inafuatwa na waovu, "wa innal fujjaara lafii jahiim", huku inafuatwa na vitanda vya fahari, "alal araaiki yandhuruun". Hifadhi jozi, usihifadhi aya.

Ndoana yenye nguvu kuliko zote ni maana. Al-An'aam 151 inakataza kuua watoto "min imlaaq", kwa sababu ya ufukara, kisha inasema "nahnu narzuqukum wa iyyaahum": tunawaruzuku nyinyi na wao. Al-Israa 31 inasema "khashyata imlaaq", kwa kuogopa ufukara, kisha "nahnu narzuquhum wa iyyaakum": wao kwanza, nyinyi baadaye. Wafasiri wameeleza kwamba katika ya kwanza ufukara umeshawafika wazazi, basi wao wanatangulizwa kupewa matumaini. Katika ya pili hofu ni juu ya watoto watakaokuja, basi watoto wanatangulia. Ukishalijua hilo huchanganyi tena. Vivyo hivyo dua ya Nabii Ibrahim (a.s.): Al-Baqara 126 ni "haadhaa baladan aaminaa", na sura ya Ibrahim, aya ya 35, ni "haadhal balada aaminaa". Walioieleza husema dua ya kwanza iliombwa mji ukiwa bado haujasimama, ya pili ukiwa umeshakuwa mji unaojulikana.

Nyingine hazina ila mpangilio. Al-Baqara 48 inatanguliza uombezi, "wa laa yuqbalu minhaa shafaa'atun", halafu fidia. Aya ya 123 ya sura hiyohiyo inatanguliza fidia, "wa laa yuqbalu minhaa adlun", halafu uombezi. Andika pambizoni: "48 uombezi, 123 fidia", yatosha.

Mwisho wa aya kwa majina ya Mwenyezi Mungu ni mtego wa namna yake, kwa sababu ulimi hujazia lile lililozoeleka. Al-Maaida 118, maneno ya Nabii Isa (a.s.): "wa in taghfir lahum fainnaka antal Aziizul Hakiim". Neno "taghfir" linakuvuta kusema "Ghafuurur Rahiim", na wengi huvutika. Kinyume chake, sura ya Ibrahim, aya ya 36, "wa man aswaanii" inakuvuta upande wa adhabu, lakini inaishia "Ghafuurur Rahiim". Weka mbili hizi kama jozi na kila moja itailinda mwenzake.

Sura zenye kiitikio zina ugumu wake. Ar-Rahmaan ina "fabi-ayyi aalaai Rabbikumaa tukadhibaan" mara 31, Al-Mursalaat ina "waylun yawmaidhin lil mukadhibiin" mara 10. Kiitikio hakisahauliki; kinachosahaulika ni kilichofuata. Andika kwenye karatasi neno la kwanza la kila aya isiyo kiitikio, kwa mpangilio, uikariri orodha hiyo kama mlolongo. Kisha rudi usome sura kamili.

Kudurusu kwa madaraja matatu

Walimu wa hifdhi wa India na Pakistani hugawa siku katika sabaq, sabqi na manzil: somo la leo, masomo ya karibuni, na yote ya zamani. Mgawo huo ni mzuri kwa sababu aya ya wiki iliyopita na aya ya mwaka jana hazihitaji matunzo sawa.

Kwa mfano mwenye juzuu tatu, kurasa 60 hivi. Somo jipya ni nusu ukurasa. Karibu: kurasa kumi za mwisho, zote, kila siku. Mbali: kurasa 50 zilizobaki, kwa siku saba, yaani saba au nane kwa siku. Jumla ni kama dakika 40 za kudurusu juu ya somo jipya. Juzuu zikiongezeka, duru ya mbali inaweza kurefuka hadi siku 10, hata 15, lakini ikivuka mwezi mmoja simamisha somo jipya mpaka urudi ndani.

Kudurusu ni kwa ghibu. Anayefungua msahafu na kusoma kwa kutazama anapata thawabu ya kusoma, lakini hajadurusu hifdhi. Jicho limebeba kazi yote, na ukurasa unaonekana mzima mpaka siku ya kusimama mbele ya watu. Soma msahafu ukiwa umefungwa. Ukikwama, usichungulie hapohapo. Rudi aya mbili nyuma, ukimbilie tena. Neno unalolipata kwa kulitafuta hukaa kuliko neno unaloonyeshwa. Likikataa kabisa, fungua, na utie alama kwa penseli: mstari mdogo kwa kosa la kwanza, duara likirudiwa. Baada ya miezi miwili msahafu wako utakuwa na ramani ya maradhi yako, na mara nyingi utakuta makosa yote ya juzuu yamekusanyika kwenye kurasa tatu.

Kosa lililoenea zaidi ni kuanza kila mara mwanzoni mwa sura. Mwanzo wa Al-Baqara unasomwa mara mia, aya zake za 200 na kitu zinasomwa mara kumi, ndiyo maana watu wana vichwa vya sura visivyo na miguu. Siku mbili kwa wiki soma kinyume: ukurasa wa mwisho wa juzuu kwanza, kisha wa kabla yake. Au fungua popote, soma mstari wa kwanza, funga, endelea.

Aliyekwisha khitimu akiweza juzuu moja kwa siku, anamaliza kwa mwezi. Masahaba waligawa kwa siku saba, na walimu wamefupisha mgawo huo katika maneno "famii bishawqin": fe ya Fatiha, mimu ya Al-Maaida, ye ya Yunus, be ya Banii Israaiil (ndiyo Al-Israa), shini ya Ash-Shu'araa, wawu ya Was-Swaaffaat, qafu ya Qaaf, kila herufi ikiwa mwanzo wa siku. Ni zaidi ya kurasa 80 kwa siku, kwa hiyo mwenye kazi ya kutwa aanze na mwezi, ashuke polepole.

Kumsomea mtu

Jibril (a.s.) alikuwa akidurusu Qur'ani na Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho wakadurusu mara mbili. Hakuna aliyetosheka na masikio yake mwenyewe. Tafuta mwenzako mmoja, mara mbili kwa wiki, kila mmoja asome kurasa tano.

Msikilizaji ana adabu zake. Akisikia kosa aseme "rudia" tu, mara ya kwanza. Likirudiwa, atoe neno moja, asimalizie aya. Aandike. Atenganishe kosa la wazi, la herufi au irabu, na kosa dogo la ghuna (sauti ya puani) na urefu wa maddi. Somo jipya linapita likiwa halina kosa la wazi na halikuhitaji zaidi ya neno moja la kukumbushwa. Ukurasa wa zamani wenye makosa zaidi ya matatu unarudi kwenye daraja la karibu kwa wiki nzima, hata kama ulihifadhiwa miaka mitano iliyopita. Usiku ambao mwenzako hayupo, jirekodi kwa simu na ujisikilize msahafu ukiwa wazi. Inauma kidogo, lakini inasema kweli.

Mtoto mdogo asiyesoma bado huhifadhi kwa talqini: mwalimu anasema, yeye anafuatisha, robo saa mara mbili kwa siku na si zaidi. Fimbo iachwe, inaharakisha juzuu moja na kufunga mlango wa zilizobaki. Mwanamke aliye hedhini afuate madhehebu yake, maana wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kusoma kwa ghibu, ila kusikiliza hakuna pingamizi, na siku hizo zinafaa sana kusikiliza duru nzima ya mbali.

Zilizokwisha potea

Aliyehifadhi juzuu kadhaa kisha akaacha miaka asianze upya kutoka mwanzo, na asiendelee mbele kana kwamba zipo. Kwanza apime. Kwa siku kadhaa apite kila ukurasa kwa ghibu na aupe alama: A unaosomeka bila kukwama au kwa kukwama mara moja, B unaosomeka kwa kuchungulia mara mbili hadi nne, C usiosomeka. Atashangaa ni chache kiasi gani zilizo C kabisa, kwani ukurasa uliowahi kushikwa huacha mizizi.

Kurasa za A ziingie moja kwa moja kwenye duru ya mbali ili zisishuke. Za B asome kila moja kwa kutazama mara tano na kwa ghibu mara tano, kurasa mbili kwa siku, akirudia viungo palipokatika. Za C zihifadhiwe kama mpya, nusu ukurasa au ukurasa kwa siku; kwa kawaida huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Katika kipindi chote hicho hakuna somo jipya, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Kila Ijumaa apime tena kurasa za wiki hiyo kwa kumsomea mtu, na iliyoshuka daraja irudi ilikotoka. Zote zikishasimama kwenye A na duru ya mbali ikizunguka mara mbili bila ukurasa hata mmoja kurudi C, afungue ukurasa aliouachia miaka ile, na aanze na mistari mitatu.